Idara ya chuo kidogo unaijuaje kama ina nguvu? Majibu ya barua zenu

BARUA YA KWANZA

Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Tabata Segerea, nina kaduka ka vifaa vya shule. Binti yangu wa kwanza kamaliza fomu siksi, PCM, na kapata ofa mbili Marekani, Swarthmore na Williams, na wote wamesema watalipa karibu kila kitu. Sisi hivi vyuo hatukuwahi kuvisikia. Binti anapenda fizikia ila siku zingine anaamka anasema uchumi. Sasa jirani yetu ni msomi, kafungua listi za dunia za idara za fizikia kashuka nazo mpaka huko chini kabisa, Swarthmore hamna, Williams hamna, akaniambia mama mtoto anaenda kupotea huyo bora Mlimani. Shemeji nae anasema chuo cha watu elfu mbili hicho si chuo ni sekondari. Mwisho wa kujibu ni tarehe 1 mwezi wa tano. Mimi fizikia sijasoma kabisa, ntajuaje idara ipi ina nguvu?
Mama wa Segerea

JIBU

Mama yangu hongera, na binti mpe hongera zangu, hizo ofa mbili kuna watoto wanazililia usiku.

Tuanze na jirani. Jirani hajakudanganya, ila kaangalia sipo. Zile listi za idara zinahesabu tafiti zilizochapishwa, zimenukuliwa mara ngapi, hela za utafiti zilizoingia, na kazi kubwa ya hizo tafiti inafanywa na wanafunzi wa PhD. Swarthmore na Williams hawana PhD ya fizikia, kazi yao ni digrii ya kwanza, kwahiyo humo hawawezi kuonekana hata wangekuwa wanafundisha vizuri kiasi gani. Mwalimu hodari wa darasa la saba pale Tabata ukimtafuta kwenye listi ya wahadhiri wa Mlimani hutamkuta, na bado watoto wake wanafaulu. Alafu kuna ile listi nyingine ya US News, ambayo Williams imekaa juu kabisa ya vyuo vidogo miaka nenda rudi, hiyo nayo isikuchanganye, inapima chuo kizima, wangapi wanamaliza, hela ya chuo, viongozi wa vyuo vingine wanakionaje. Kuhusu fizikia haijakwambia neno.

Sasa shemeji. Ni kweli ni vidogo, Swarthmore ina wanafunzi kama elfu moja na mia sita hivi, Williams kama elfu mbili, na hapo ndo kuna jambo zima la barua yako, maana kwenye chuo cha hivyo idara nyingi ni watu wa kuhesabika kwa vidole, sita, nane, ikiwa kubwa kumi na kitu. Mlimani profesa mmoja akisafiri kozi inaendelea, atashika mwingine. Huku akiondoka mmoja kozi inaweza isiwepo kabisa mwaka huo. Kwahiyo nguvu ya idara hutaiona kwenye jina, utaiona ukihesabu watu na ukihesabu kozi zinazofundishwa kweli, sio zilizoandikwa.

Na hapa naomba binti akae chini na bando la kutosha, afungue vitu viwili kwa kila chuo, prospektasi ya idara na ratiba za kozi za miaka mitatu iliyopita. Vyuo vingi ratiba za zamani zipo wazi kwenye tovuti zao, asipoziona amwandikie katibu wa idara atatumiwa. Prospektasi ndo inayopendeza, utakuta kozi thelathini, za nyota, za leza, za chembe ndogo kabisa, mtoto anasoma mate yanamtoka. Alafu fungua ratiba. Utakuta nyingine inafundishwa mwaka mmoja inarukwa mwaka unaofuata, nyingine haijafundishwa miaka mitatu mfululizo, ipo tu kwenye karatasi kwasababu mwalimu wake alistaafu na hamna aliyeifuta. Fizikia ina nguzo zake nne ambazo mwanafunzi hawezi kwenda mbele bila hizo, mekaniki, umeme na sumaku, kwanta, na ile ya joto na takwimu. Aangalie kila moja inafundishwa mara ngapi. Ikiwa kwanta inakuja mwaka mmoja inarukwa unaofuata, na binti akataka kwenda semista moja nje mwaka wa tatu kama wenzie wengi wanavyofanya huko, na semista hiyohiyo ndo kwanta inafundishwa, basi mwaka wa mwisho hataikuta tena, atamaliza bila kuisoma. Akiona nguzo zote nne zipo kila mwaka, na juu yake kuna kozi mbili tatu za juu zaidi kila mwaka, hiyo idara imejipanga.

Alafu kuna swala la likizo za utafiti. Maprofesa wa vyuo hivi wana haki ya kuondoka nusu mwaka au mwaka mzima wafanye tafiti zao, ni kitu kizuri kwakweli, mwalimu anarudi na mambo mapya, lakini kwenye idara ya watu sita wakiondoka wawili theluthi imeondoka. Wanaletwa walimu wa muda, wengine wazuri sana, ila mwaka ukiisha wanaondoka, na binti akihitaji barua ya mapendekezo baada ya miaka miwili aanze kuwatafuta dunia nzima. Kwahiyo kwenye orodha ya walimu atofautishe wa kudumu na wa kupita, na aulize wazi mwaka ujao na unaofuata nani hatakuwepo. Sio swali la utovu wa adabu, wenyewe wamelizoea.

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilimsaidia kijana mmoja wa Temeke kuomba chuo, sikitaji, akakichagua kwa ajili ya profesa mmoja tu wa mambo ya nyota, alikuwa kasoma kila kitu chake alichokipata mtandaoni. Kafika, profesa yupo likizo mwaka mzima. Akarudi, akafundisha kozi moja, mwaka uliofuata akastaafu. Kijana alinipigia usiku, kwao huko mchana, akawa haongei anahema tu. Aliipenda idara ambayo kwakweli ilikuwa mtu mmoja, na mimi niliyemzidi umri sikumuuliza swali hilo hata mara moja. Toka siku hiyo kila mtoto namuuliza, huyo unayemfuata akiondoka wanabaki akina nani?

Ukishahesabu watu na kozi, angalia wanamfikisha wapi mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Hapa vyuo vyako viwili vina tabia tofauti na nimefurahi sana ni hivi viwili. Swarthmore wana programu yao ya honasi toka 1922, aliianzisha mkuu wa chuo aliyeitwa Frank Aydelotte, mwanafunzi anasoma semina ndogo ndogo miaka ya mwisho, alafu mitihani hatungiwi na walimu wake, wanaletwa watahini kutoka vyuo vingine, wanatunga, wanasahihisha, na wanakaa nae ana kwa ana kumhoji. Si kila mwanafunzi anaichagua hiyo programu, ni hiari, ila faida yake kwa idara nzima ni kubwa, maana walimu wanajua mgeni anakuja kuona walichofundisha. Huku kwetu watahini wa nje tunao, wanakuja kukagua mitihani na maksi, ila kule mgeni ndo mtahini mwenyewe. Idara inayokubali hivyo mwaka hadi mwaka haiwezi kulala.

Williams wao wana tutoriali, wameiga mtindo wa Oxford, wanafunzi wawili na profesa mmoja, wiki hii mmoja analeta andiko au maswali aliyoyakokotoa, mwenzie anamkosoa, wiki ijayo wanabadilishana. Hamna pa kujificha hapo. Mtoto aliyetoka darasa la watu sabini la advansi, aliyezoea kukaa kimya na kufaulu kwa karatasi, mwezi wa kwanza atalia, nakwambia ukweli, na baada ya hapo atakuwa mtu mwingine. Binti aulize idara ya fizikia na ya uchumi kila moja inatoa tutoriali ngapi kwa mwaka, maana chuo kuwa nazo ni kitu kimoja na idara yako kuwa nazo ni kingine.

Kitu ambacho wengi wetu hatukijui mpaka tumeshafika ni tafiti za majira ya joto. Mwanafunzi wa fizikia anajengwa kwenye miezi ile mitatu, yupo maabara kutwa na mwalimu wake. Huko Marekani kuna programu za shirika lao la serikali la sayansi, NSF, zinaitwa REU, watu wanazisifia sana, lakini ni za raia wao na wenye ukaazi wa kudumu. Binti wa Segerea hatazipata. Kwahiyo swali lake ni moja, chuo chenyewe kina hela yake ya kuwalipa wanafunzi wa nje wafanye utafiti na maprofesa wa humohumo, na fizikia inachukua wangapi kila mwaka? Idara ikijibu tunachukua kila anayetaka, hiyo ni nguvu. Ikijibu inategemea, aendelee kuuliza inategemea nini. Alafu afungue kurasa za maprofesa aangalie tafiti walizochapisha kama kuna majina ya wanafunzi ndani, mara nyingi wanawawekea alama ya nyota. Usihangaike na profesa kasoma Harvard au MIT, kwenye vyuo vya ngazi hii karibu wote wametoka sehemu za hivyo, hiyo haitofautishi.

Na kama jirani bado anataka listi, mpe hizi. Jumuiya ya wanafizikia wa Marekani inatoa tuzo ya LeRoy Apker kwa utafiti wa mwanafunzi wa digrii ya kwanza, na wameigawa mafungu mawili, fungu moja la vyuo vyenye PhD na fungu la vyuo visivyo na PhD, humo ndo atakutana na vyuo vidogo. Nyingine ni takwimu za serikali yao za kila mwaka za watu waliopata PhD na digrii ya kwanza walisoma wapi. Ukigawanya kwa ukubwa wa chuo, vyuo vidogo kama Swarthmore, Reed, Carleton, Grinnell na Harvey Mudd wanakaa pamoja na vigogo. Ila nayo isomwe kwa akili, watoto wanaokwenda Reed wengi wameshapania PhD kabla hawajafika, kwahiyo sio kila kitu kakifanya chuo.

Utaambiwa pia kuhusu John Mather. Ni kweli, alimaliza Swarthmore 1968 na akapata Nobel ya fizikia 2006 kwa kupima mionzi iliyobaki toka mwanzo wa ulimwengu. Ni heshima kubwa. Lakini waliomfundisha hawapo darasani saivi, na binti atafundishwa na waliopo saivi.

Kuna jambo la majirani pia, sio jirani yako, majirani wa chuo. Swarthmore ipo nje kidogo ya Philadelphia, treni inasimama chuoni kabisa, na wana makubaliano na Haverford, Bryn Mawr na University of Pennsylvania, kozi isiyopo kwao binti anaweza kuifuata huko. Tatizo ni muda, kwenda na kurudi kunakula nusu siku, kwahiyo aulize wanafunzi wangapi wa fizikia wanafanya hivyo kweli. Williams ipo milimani huko Massachusetts, saa kama tatu kwa gari toka Boston, chuo kikubwa cha kukimbilia jirani hamna. Kwa maana hiyo idara ya Williams inabidi ijitosheleze yenyewe, na ile kazi ya kuhesabu ratiba kwa Williams ifanyike kwa ukali zaidi.

Uchumi sasa, maana umesema siku zingine anaamka na uchumi. Hapa Williams kuna kitu ambacho kwa mtoto wa Kitanzania ni cha pekee. Wana kituo cha uchumi wa maendeleo, kipo toka 1960, kila mwaka kinaleta maofisa vijana wa wizara za fedha na benki kuu kutoka nchi zinazoendelea, Afrika ikiwemo, wanasoma shahada ya pili mwaka mmoja. Chuo kidogo cha digrii ya kwanza kimekaa na watu wanaotoka kupanga bajeti za nchi zao! Idara ya uchumi inakuwa na walimu wengi wa mambo ya kodi, deni, fedha za nje, na binti atakaa meza moja ya chakula na mtu wa benki kuu ya nchi kama yetu. Jambo hilo halimo kwenye namba yoyote ya jirani. Binti akiingia uchumi aulize pia chuo kimeuandikisha kwa namba gani ya fani, maana uchumi wa kihesabu unahesabiwa kama sayansi, na kwa utaratibu wao aliyesoma sayansi anaweza kuongezewa miezi 24 ya kufanya kazi juu ya ile 12 ya kawaida baada ya kumaliza. Mambo ya viza yanabadilika mno kwahiyo hilo na viza yenyewe aulizie ubalozini Msasani kabla hajakata tiketi.

Naomba pia ujue huko mtoto hachagui somo kuu mpaka mwisho wa mwaka wa pili, na wengi wanabadilisha. Harold Varmus alisoma fasihi ya Kiingereza pale Amherst, chuo kidogo kingine cha huko, akamaliza 1961, baadae akawa daktari na akapata Nobel ya tiba 1989. Kwahiyo usichague chuo chenye idara moja inayong'aa na pembeni yake jangwa. Angalia tatu, fizikia, uchumi, na hesabu, hasa hesabu, kwasababu hiyo ndo inalisha zote mbili, hata anayetaka PhD ya uchumi anaulizwa kama kasoma hesabu za juu, uchambuzi halisi (real analysis) na aljebra za juu.

Mwisho wa siku binti aongee na wanafunzi. Asiongee na yule anayetembeza wageni, amtafute wa mwaka wa tatu au wa nne wa fizikia, ikiwezekana Mwafrika, amuulize kozi gani ulikosa uliyoitaka, uliandikiwa na nani barua za mapendekezo, profesa anakujua mpaka jina la mdogo wako au anakujua kwa namba. Dakika ishirini za WhatsApp zinatosha.

Umeniuliza ipi na sitakukwepa. Ningekuwa mzazi, na binti moyo wake upo fizikia na labda uhandisi, ningempeleka Swarthmore, kwasababu ya watahini wa nje na kwasababu uhandisi upo humohumo na una ithibati, vyuo vidogo vyenye hicho kitu vinahesabika. Akiwa anaegemea uchumi wa nchi kama zetu, Williams bila kusita. Lakini kabla ya yote hayo weka barua mbili za ufadhili mezani usome mstari kwa mstari, tiketi, bima ya afya, nguo za baridi, mkopo upo au haupo. Williams toka 2022 waliondoa mikopo na kazi za lazima kwenye ufadhili wao. Tofauti ya hela ikiwa kubwa, chukua penye hela, idara zote hizi zinamtosha.

BARUA YA PILI

Shikamoo mwalimu. Nipo Mbagala Rangi Tatu, nimemaliza PCB, ndoto yangu ni udaktari. Kuna chuo kidogo Marekani kimeandika wanafunzi wao karibu wote walioomba vyuo vya udaktari walikubaliwa. Je hiyo inaonesha idara yao ya baiolojia ni kali? Nataka kuomba mwaka huu.
Kijana wa Rangi Tatu

JIBU

Marahaba mwanangu. Hiyo asilimia uliyoisoma imehesabiwa kwa walioomba. Waliotaka udaktari siku ya kwanza hawamo. Vyuo vingine vina kamati, mwanafunzi mwenye maksi za kawaida anaambiwa mapema subiri kwanza, au kamati haimwandikii barua, basi huyo haombi na hayumo kwenye hesabu. Uliza wangapi waliingia mwaka wa kwanza wakitaka udaktari na wangapi walifika kwenye kuomba, hapo utaona kemia ya viumbe hai na kemia ya kaboni zimewaacha wangapi njiani. Idara kali ni ile inayoweza kukwambia imewashika vipi wale waliokuwa wanaanguka.

Lakini mwanangu kuna kubwa kuliko hilo, na nisipokwambia nitakuwa nimekukosea. Marekani udaktari sio digrii ya kwanza. Unasoma miaka minne kitu kingine, alafu unafanya mtihani unaitwa MCAT, alafu unaomba chuo cha udaktari miaka minne mingine, na vyuo vingi vya udaktari huko havichukui wasio raia, na vinavyochukua vinaweza kukutaka uoneshe hela ya miaka yote minne. Ufadhili wa chuo kidogo unaishia mwaka wa nne. Baiolojia iwe kali namna gani haitakuvusha hapo. Kama ndoto ni kutibu watu, Muhimbili ni miaka mitano na internshipu mwaka mmoja, KCMC Moshi ipo, Bugando Mwanza ipo, na mkopo wa bodi unaombeka. Kama unachopenda ni sayansi yenyewe ya chembe na magonjwa, maabara, kugundua, hapo sawa omba hivyo vyuo na uangalie idara kama nilivyomwelekeza mama wa Segerea. Kaa siku mbili ujiulize ni kipi kati ya hivyo viwili. Usiulize rafiki.

BARUA YA TATU

Mwalimu, mimi ni mzazi wa Mbezi. Kijana wangu ni mtu wa kompyuta toka mdogo, anatengeneza programu za simu. Kakubaliwa chuo kidogo kizuri, nimeona kompyuta ndo idara yenye wanafunzi wengi kuliko zote pale. Nadhani wingi ni dalili ya ubora. Niko sahihi?
Baba wa Mbezi

JIBU

Kaka yangu wingi wa abiria sio uzima wa gari. Kompyuta ndo idara iliyovimba kuliko zote kwenye vyuo hivi, na kupata walimu ni kazi kwasababu makampuni yanawalipa hela nyingi zaidi. Matokeo yake chuo kilichomuahidi mtoto darasa la watu kumi na tano kinamuweka kwenye foleni ya kusubiri nafasi, sehemu zingine ni bahati nasibu nani aingie kozi. Kuna waraka vyuo vingi vya kule vinaujaza kila mwaka unaitwa Common Data Set, uandike pamoja na jina la chuo utaupata, sehemu ya I ina ukubwa wa madarasa na sehemu ya J inaonesha asilimia ya digrii kwa kila fani. Chukua wahitimu wa kompyuta kwa mwaka, gawanya kwa walimu wa kudumu wa idara. Fanya hivyohivyo kwa hesabu na fizikia za chuo hichohicho. Kompyuta ikiwa mara tatu ya wenzake, uliza chuo kina mpango gani wa kuajiri, wakikujibu kwa maneno ya jumla jua bado.

Ukikuta idara ndogo ya kompyuta usiikimbie. Robert Noyce, mmoja wa waliobuni chipu na akashiriki kuanzisha Intel 1968, alisoma Grinnell, chuo kidogo katikati ya mashamba ya mahindi Iowa, alimaliza 1949. Mwalimu wake wa fizikia Grant Gale alizipata transista mapema kabisa, wakati vyuo vikubwa vingi bado havijaziona, akazileta darasani. Kijana alizikuta pale. Kwahiyo ukiongea na idara uliza mwaka huu kitu gani kipya kimeingia darasani na nani kakileta, jibu lenye jina la mtu na jina la kozi ndo unalolitaka.

Kama pia anawaza uhandisi, ahakikishe upo chuoni hapo. Harvey Mudd upo, na kimeungana na wenzake wanne pale Claremont unaenda kwa miguu tu. Vyuo vingi vidogo havina, vinakupa mpango wa miaka mitatu hapo na miwili chuo kikubwa, ni mpango mzuri kwenye karatasi, ila uliza ufadhili unamfuata kwenye hiyo miwili? Nimeona familia imekwama hapohapo.

BARUA YA NNE

Mwalimu, mdogo wangu karudi na digrii ya fizikia imeandikwa BA. Ofisi tatu za hapa mjini zimemwambia BA ni ya masomo ya sanaa. Amefanya kosa gani?
Dada wa Sinza

JIBU

Hajafanya kosa lolote dada. Williams, Amherst, Pomona wanatoa BA kwa kila fani, fizikia, kemia, hesabu, zote, ndivyo vyuo hivyo vilivyo toka zamani. Aende TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, akaombe utambuzi wa digrii yake, abebe cheti na transkripti halisi, na aandikie idara yake wamtumie maelezo ya kila kozi aliyosoma pamoja na saa za maabara, katibu wa idara anayo hayo siku zote. Kwenye maombi ya kazi asiandike BA peke yake, aandike fizikia kwanza, alafu aorodheshe kozi za juu na utafiti wake wa mwaka wa mwisho, na aambatanishe ile barua ya TCU ukurasa wa pili kabisa, kabla ya vyeti vya sekondari.